Mbele ya kununua simu ingine, turudishie ile ya zamani programu yake ya kiwanda



Kila mwisho wa musimu swali moja linarudi katika mikutano ya komite: simu ya koperative imechoka, tufanye nini? Inajizima yenyewe. Inafungua matangazo ambayo hakuna mutu aliyaomba. Mega tunaziweka asubuhi, saa sita zimeisha. Sekretere anasema tununue ingine. Mutunza feza anajibu kama sanduku haliruhusu. Mwisho wake simu inafungiwa katika kabati, ao inapelekwa sokoni kwa fundi wa kwanza mwenye meza, na hakuna anayeuliza atafanya nini ndani yake.

Sisi tunasema njia zote mbili zinaletea koperative hasara. Simu nyingi za Android zinazotupwa katika vikundi vyetu hazijakufa. Kilichoharibika ni programu, na programu inaweza kurudishwa vile ilivyotoka kiwandani. Lakini kazi hiyo iko na masharti yake, na koperative isiyoyafuata inaweza kupoteza kitu kikubwa kupita bei ya simu.

Tuanze na kile kilicho ndani

Tukisema simu ya koperative, hatusemi chombo cha kupigia tu. Kwa wale wa kahawa kule Kalehe na Idjwi, na wale wa kakao kule Beni na Mambasa, ndani ya simu hiyo muko majina ya wanachama, kilo ambazo kila mutu alileta, tarehe, na ujumbe wa malipo ya M-Pesa ao Airtel Money. Muko pia pointi za GPS za mashamba.

Hizo pointi tusizizarau. Ulaya iliweka kanuni mwaka 2023, nimero 2023/1115, juu ya mazao yanayoweza kuharibu misitu, na kahawa na kakao ziko katika orodha. Kanuni hiyo inaomba munuzi wa kule aonyeshe shamba ambako zao limetoka, na kwamba shamba hilo halikukatwa katika pori kisha tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2020. Shamba linalopita hekta 4 linapimwa kwa kuzunguka mipaka yake. Lile dogo, pointi moja inatosha. Ni nani alitembea mashamba yote hayo kwa miguu, kwenye materemko, na simu mukononi? Ni vijana wenu. Kazi yao ikifutika, mutairudilia kilima kwa kilima.

Kwa hiyo sharti la kwanza linakuja mbele ya yote: hakuna mutu agusa programu ya simu mbele vitu vya koperative havijatolewa. Fomu za KoboCollect ambazo hazijatumwa zinakaa ndani ya simu tu, hazina pahali pengine. Mutafute rezo, muzitume zote, kisha muangalie kama hakuna iliyobaki. Picha, orodha na fishie zingine, muziweke kwenye kle ya USB ao kwenye kompyuta. Ujumbe wa malipo, muuandike katika kaye: tarehe, jina, feza, nimero ya kuhakikisha. Feza yenyewe haiko ndani ya simu. Iko kwa kampuni ya mutandao, imefungwa kwenye nimero ya kadi SIM, na kuflashi simu hakuwezi kuigusa. Lakini ushahidi wa nani alilipwa, ule unafutika.

Programu ya kiwanda ni kitu gani?

Kila simu inatoka kiwandani na programu ya musingi. Ndiyo inayowasha kioo, inayotafuta rezo, inayoendesha kamera na kubeba Android yenyewe. Mafundi wetu wanaiita "rom", na kazi ya kuirudisha wanaiita "kuflashi". WhatsApp, KoboCollect na zingine zinakaa juu yake, kama nyumba juu ya fondasio.

Wengi wanachanganya mambo mawili. La kwanza ni kufuta simu kupitia mipangilio, ile kazi ya kuirudisha kama mupya. Hii inaondoa picha, majina na programu ambazo tuliongeza sisi. Fondasio haiigusi. La pili ni kuflashi: kuchukua programu ya kiwanda nzima kutoka kompyuta na kuiandika upya ndani ya simu kwa kupitia kable.

Mujaribu lile la kwanza kwanza. Mara nyingi linatosha. Lakini kama fondasio yenyewe imeharibika, kufuta hakusaidii. Mwaka 2020, watafiti wa kampuni ya Kaspersky walieleza kirusi kimoja kinachoitwa xHelper. Kilikuwa kinaingia katika sehemu ya musingi ya simu, zaidi zile za Android 6 na 7. Mutu anafuta simu yote, anaiwasha, na kirusi kiko pale pale, kinaingiza tena programu zake. Dawa moja waliyoitaja ni kuiandika upya programu ya kiwanda. Lakini waliongeza onyo: kuna simu ambazo programu zao za musingi zilitoka tayari na ubaya ndani. Sisi tunaongeza kwamba fishie zilizotengenezwa na watu wengine zinaweza kuwa vile vile.

Onyo hilo ndilo linatuleta kwenye sharti la pili.

Mbegu yenye karatasi na mbegu ya soko

Wakulima hatuhitaji mutu atufundishe tofauti kati ya mbegu iliyopimwa na SENASEM na mbegu iliyomwagwa kwenye turubai sokoni. Ile ya soko inaweza kuota vizuri. Inaweza pia kuleta ugonjwa ndani ya shamba, na utaujua kisha miezi mitatu, wakati jasho limekwisha kumwagika. Programu ya simu ni vile vile. Iko ile ya kampuni iliyotengeneza simu, na ziko zile ambazo mutu asiyejulikana alizigeuza na kuzitoa bure. Zote mbili zitawasha simu. Zote mbili zitaonyesha WhatsApp. Ile ya pili inaweza pia kusoma ujumbe wenu wa M-Pesa, na hamutaona alama yoyote.

Sisi tunashikilia kwamba simu yenye kubeba feza na majina ya watu isipewe programu isiyo ya kampuni yake. Wako watu wenye ujuzi wanaotengeneza Android zingine nzuri kwa simu za zamani, na hatukatai kazi yao. Lakini kuchagua nzuri kati ya mbaya kunaomba ujuzi ambao komite zetu nyingi hazina. Mukulima asiyeweza kupima mbegu mwenyewe, anunue yenye karatasi.

Tena, ata programu ya kampuni inapashwa kuwa ya modeli ile ile. Haitoshi kusema "ni Samsung" ao "ni Tecno". Modeli imeandikwa katika mipangilio, kwenye "Kuhusu simu", na mara nyingi chini ya batri. Herufi moja ikitofautiana, chipu ya ndani inaweza kuwa ingine. Kwenye Samsung kuna jambo la kuongeza: katika nimero ya programu, tarakimu ya tano ukihesabu kutoka mwisho inaonyesha kizazi cha mulango wa simu. Kama simu yenu iko kwenye 3, fishie ya 2 itakataliwa. Fundi asiyelijua atasema simu imekufa, kumbe ni fishie ya zamani.

Maswali ine ya kumuuliza fundi

Tunasikia jibu mapema: "Fundi wa sokoni anafanya yote hayo kwa franka kidogo, mbona munatuletea maneno mingi?" Hatuna ugomvi na mafundi. Wengi wao wamejifunza kwa taabu, bila shule, na wanaokoa simu ambazo wengine walizikataa. Fundi muzuri hatakasirika mukimuuliza maswali haya:

Moja, fishie hii ulitoa wapi, na ni ya modeli gani? Akijibu kama "iko tu ndani ya kompyuta, inaenda kwa simu zote", mushukuru, murudi na simu yenu.

Pili, utatumia programu gani ya kuflashi? Kwa Samsung, mafundi wanatumia Odin kwenye kompyuta ya Windows. Kwa simu zenye chipu ya MediaTek, na ziko nyingi kati ya Tecno, Infinix na Itel, wanatumia SP Flash Tool. Kila chipu iko na chombo chake.

Tatu, je, utafuta yote ao utaacha? Kwenye SP Flash Tool kuna chaguo la "Download Only" na lingine la kufuta kila kitu ndani ya simu. Hili la pili linaweza kufuta nimero ya IMEI, na simu isiyo na IMEI haipati rezo. Itawaka, itapiga picha, lakini haitapiga simu. Kwenye Odin, fishie inayoanza na HOME_CSC kwa kawaida inaacha vitu vyenu, na ile inayoanza na CSC tu inafuta. Hata hivyo, mufanye kama yote yatafutika.

Ine, je, mumoja wetu anaweza kukaa karibu wakati unafanya? Kazi yenyewe mara nyingi haipiti nusu saa. Hakuna sababu simu ilale kule.

Na mbele ya kuitoa mukononi, muondoe kadi SIM na kadi ya memori. Hizo hazina kazi kwenye meza ya fundi. Mupige *#06#, muandike nimero ya IMEI katika kaye, mupige tena wakati simu imerudi. Zisipofanana, musilipe mbele fundi hajaeleza.

Konti ni ya nani?

Sasa tunafika pahali ambapo vikundi vingi vinaanguka, na kosa haliko kwa fundi wala kwa fishie.

Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iko na kufuli. Mutu akiifuta bila kutoa kwanza konti ya Google iliyokuwa ndani, simu itawaka na kuomba konti ile ile na neno lake la siri. Iliwekwa hivyo kusudi mwizi asifaidike. Lakini muangalie inavyokuwa kwetu. Simu ilitolewa na shirika. Sekretere wa wakati ule aliweka konti yake mwenyewe. Kisha uchaguzi, sekretere mupya anaingia. Yule wa zamani alihamia Goma ao Kampala, ao alisahau neno la siri, ao aliondoka na kinyongo. Siku simu inaflashiwa, inafunguka kwenye kioo cha konti, na koperative nzima inasimama inje ya mulango wa nyumba yake.

Hapo ndipo kijana wa sokoni anasema "naweza kuipita", na mara nyingi anaipita kwa kuingiza programu ambazo hamuzijui. Mumerudi kwenye mbegu ya turubai.

Dawa haina gharama. Konti ya Google iwe ya koperative, yenye jina la koperative. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi, liingizwe katika bahasha, na bahasha ikae ndani ya sanduku ambamo mihuri inakaa. Kila komite mupya ikipokea mihuri, ipokee bahasha ile mbele ya wanachama, na neno libadilishwe siku ile ile. Na mbele ya kuflashi, konti itolewe kwanza kupitia mipangilio, wakati simu ingali inawaka. Mukingoja ikwame kwenye alama ya kampuni, nafasi hiyo imepita.

Tusiidanganye simu ya zamani

Kuna jibu lingine, na hili liko na uzito: "Simu ya miaka minane, hata ukiiflashi, itabaki ya miaka minane." Ni kweli. Programu ya kiwanda haiponyi batri iliyovimba wala kioo kilichopasuka. Haiongezi memori. Na Android inayorudi ni ile ile ambayo kampuni iliiachia modeli hiyo. Kama kampuni iliacha kuituma masasisho, matundu ya usalama yaliyopatikana kisha hapo yanabaki wazi. Simu za Android 4.4 na za chini yake, WhatsApp imeziacha tangu mwanzo wa mwaka 2025, na hakuna fishie ya kiwanda itakayobadilisha hilo.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: simu ya zamani iliyorudishiwa programu yake ipewe kazi inayoiweza. Ipime mashamba, ipige picha za magonjwa ya majani, iandike kilo siku ya mukusanyo. Malipo ya feza yafanyike kwenye simu ingine, ata ile ndogo ya vifungo, kwa sababu M-Pesa na Airtel Money zinafanya kazi kwenye simu hizo pia. Hivyo mwizi wa kwenye intaneti akiingia katika ile kubwa, hatakuta kadi ya feza. Na mukipiga hesabu ya kununua, mutanunua moja siku sanduku litakaporuhusu, pasipo haraka, badala ya kukopa wakati mavuno yako mulangoni.

Batri iliyovimba haina majadiliano. Isiflashiwe, isishajiwe, itolewe.

Mutu mumoja kwa kila umoja

Fishie ya programu ya kiwanda, ata ya simu ya zamani, mara nyingi inapita giga moja, na za simu mupya zaidi zinapita giga tatu. Kwa bei ya mega zetu na rezo ya vijiji vyetu, haifai kila koperative iishushe peke yake. Tunaomba miungano ya koperative ichague kijana mumoja, muvulana ao musichana, anayejua kompyuta kidogo na anayeaminika na mukaguzi wa hesabu. Afundishwe kazi hii vizuri. Ashushe fishie za modeli ambazo koperative zenu zinazo, mara moja, akiwa muji, kutoka kwa kampuni yenyewe ao kituo chake cha matengenezo kila inapowezekana, na azihifazi kwenye kle. Simu zenu nyingi ni za modeli chache, kwa sababu zilikuja kwa makundi. Fishie ine ao tano zinaweza kutumikia wilaya nzima.

Kazi yake aifanye siku ambapo batri ya simu imepita nusu na kompyuta iko na moto wa kutosha. Umeme ukikatika katikati ya kuflashi, simu inaweza kukataa kuwaka. Mwenye panneau solaire aangalie batri ya kompyuta mbele ya kuchomeka kable, na kable iwe ile inayokaa imara, isiyotoka kwa kuguswa. Simu ikimaliza, iwekewe masasisho yote ambayo kampuni ingali inayatoa, na KoboCollect ishushwe kwenye Play Store, isitumwe kwa Bluetooth kutoka simu ya rafiki.

Na mashirika yanayotoa simu, tunayaomba nayo yabebe sehemu yao. Shirika likitoa simu kumi, litoe pamoja nazo karatasi yenye modeli na IMEI za kila moja, konti iliyofunguliwa kwa jina la koperative, na kle yenye programu ya kiwanda ya modeli ile. Pompe ya maji inapokuja na vipuri, hakuna anayeshangaa. Simu nayo ije na vipuri vyake.

Kwa mukutano mukuu ujao, tunapendekeza muweke jambo hili katika ajenda, kisha mizani na mbele ya mambo mengine, na mutafute majibu ya maswali haya machache: simu yetu ni modeli gani, IMEI yake imeandikwa wapi, konti iko kwa jina la nani, neno la siri liko katika bahasha gani, na vitu vya mashamba vilihifaziwa inje ya simu mara ya mwisho lini? Prezida asipokuwa na majibu, asiaibishwe. Apewe wiki mbili na kijana wa kumusaidia.

Simu ikizima leo usiku katika koperative yenye majibu hayo, kesho asubuhi kilo zitapimwa na kuandikwa kwenye kaye, na kazi itaendelea wakati simu iko mezani. Katika ile isiyo nayo, mama aliyeleta kilo zake 40 za kahawa mwezi uliopita atabaki na neno lake tu.